Amplifaya yangu ya mwaka 1965 imerudi kutoka kwa fundi ikiwa imenyofolewa vipuri vyake

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Nina hasira, na naomba mnivumilie nieleze kwa utaratibu ili wengine wenye vyombo kama hiki wasifanyiwe nilichofanyiwa mimi. Amplifaya ninayoizungumzia ni ya gitaa, Fender Deluxe Reverb ya valvu (taa za kioo zinazokuza sauti), iliyoundwa Fullerton, California, na iliyonifikia ikiwa karibu kama ilivyotoka kiwandani: ngozi bandia nyeusi haijachanika, kitambaa cha rangi ya fedha mbele ya spika hakina doa, na karatasi ya kuonyesha mpangilio wa valvu iliyobandikwa ndani ya kabati bado ina muhuri wa herufi OF, yaani Juni 1965. Namba za transfoma zilianza na 606-5 na ya spika 465-5, kumaanisha kwamba kampuni za Schumacher na Oxford zilivitengeneza vipuri hivyo mwaka huohuo. Amplifaya ya umri huo iliyokamilika namna hiyo haipatikani kirahisi.

Niliipeleka kwenye duka moja la matengenezo hapa Houston kwa kazi mbili tu, na zote ziliandikwa kwenye risiti ya mapokezi: kubadilisha kapasita (vipuri vinavyohifadhi chaji ya umeme) kubwa za kuchuja umeme, zile zilizo chini ya kifuniko cha bati, na kuweka waya wenye plagi ya pini tatu. Kazi hizo ni za lazima. Kapasita za aina hiyo zina majimaji yanayokauka kadiri miaka inavyopita, na kwa kuwa humo ndani mna umeme unaozidi volti 400, zikifa vibaya zinaweza kuondoka na transfoma. Nao waya wa pini mbili, usio na ethi, unaweza kumuua mpiga gitaa aliyeshika nyuzi huku mdomo wake ukigusa maikrofoni. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu ni kwa yale ambayo sikuyaagiza. Nilipofungua nyuma nilikuta kapasita zote za bluu za kampuni ya Mallory, ambazo hupitisha sauti kutoka valvu moja kwenda nyingine, zimekatwa na mahali pake zimechomelewa nyingine za rangi ya chungwa, huku vipande vya miguu ya zile za zamani vikiwa bado vimeng'ang'ania kwenye ubao. Kapasita zile za bluu hazina majimaji ya kukauka. Ikiharibika mojawapo, huvujisha umeme wa DC (wa mkondo mmoja) kwenda kwenye gridi, yaani sehemu inayopokea sauti, ya valvu inayofuata, na fundi mwenye mita huligundua jambo hilo bila shida, akabadilisha hiyo moja na kuziacha nyingine. Nilipoomba kuona vipimo, hakukuwa na kipimo hata kimoja. Niliambiwa kwamba kitu cha zamani hubadilishwa chote.

Spika ya Oxford nayo imeondolewa kwa madai kwamba haina nguvu, ilhali ilikuwa nzima na amplifaya yenyewe ni ya wati 22 tu. Valvu mbili za aina ya 6V6, za kampuni ya RCA, zilizokuwa zikifanya kazi vizuri, hazimo. Zamani nikipandisha sauti kupita katikati, mlio ulianza kukoroma taratibu, ukajibana nilipopiga nyuzi kwa nguvu na kutulia nilipolegeza mkono. Sasa ni mkali, mkavu, unachoma masikio.

Linaloniuma kuliko yote ni kwamba sikurudishiwa vipuri vyangu. Fundi wa gari akibadilisha breki hukuonyesha pedi zilizokwisha, lakini hawa walidai kwamba kila kitu kimetupwa, kisha wakagoma kunikabidhi amplifaya mpaka nilipe bili nzima, pamoja na kazi ambazo hakuna aliyewatuma kuzifanya. Siamini kwamba fundi wa gitaa, anayejua valvu za RCA za miaka ile zinavyotafutwa, anaweza kuzitupa kwenye pipa la taka.

Nimewaandikia rasmi nikitaka spika, valvu na kapasita zangu, pamoja na fedha nilizotozwa nje ya makubaliano. Kwa mliopo Houston na miji ya jirani, yeyote atakayeuziwa spika ya Oxford ya inchi 12 yenye namba inayoanza na 465-5, tafadhali anijulishe kabla ya kulipa. Na mwenye kumfahamu fundi anayepima kwanza ndipo akate, naomba anielekeze kwake.