Waifai haifiki chumba cha uani, lakini kiangazi ilikuwa inafika

Mama Cherehani, Arua

Assalamu alaikum, na habari za jioni kwa wote. Naombeni msaada, maana nimeshauriwa na watu wengi na kila mmoja ana lake.

Nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma, mabati juu, milango ya chuma mbele na nyuma. Faiba, ule waya wa intaneti, iliingizwa sebuleni kupitia ukuta wa barabarani, na mafundi walioileta wakaiacha ruta, kile kiboksi kinachorusha waifai, palepale walipotoboa, sakafuni nyuma ya televisheni. Mimi nashonea hapo sebuleni na sina shida yoyote, wateja wakinitumia picha za mishono nazipata papo hapo. Shida ni binti yangu. Yuko chuo mwaka wa 2 na masomo mengi anayafuata kwenye kompyuta, chumbani kwake uani, kama hatua 15 kutoka mlango wa nyuma. Mwalimu akianza kueleza, sauti inakatika na picha inaganda. Wiki iliyopita alifanya jaribio akiwa amekaa juu ya ndoo katikati ya uwanja, kompyuta magotini, mbu wanamla. Nilimwona dirishani nikashindwa kuendelea kushona.

Kinachonishangaza ni kwamba mwezi wa 1 na wa 2 alikuwa anasomea chumbani vizuri tu. Mvua ilipokolea ndipo mambo yakaharibika. Kampuni nimeipigia mara 3, wanasema laini ni nzima. Jirani anataka ninunue ruta kubwa yenye antena 6. Mtengeneza simu wa mjini anasema mvua inakula faiba. Nimeweka akiba ya cherehani ya pili na sitaki kuimaliza kwa kubahatisha.

Fundi wa Nyaya, Gulu

Wa alaikum salaam, Mama. Usinunue chochote bado. Intaneti inafika kwenye ruta kwa faiba. Waifai ni redio ndogo tu, inayoitoa kwenye ruta na kuifikisha kwenye kompyuta. Ukiwa sebuleni kila kitu kinakwenda, basi faiba ni nzima na kampuni hawakukudanganya. Mvua nayo haiwezi kuila: ule ni mwanga unaopita ndani ya uzi wa kioo. Kilichoharibika kiko kati ya televisheni yako na meza ya binti yako.

Niambie, uani kuna tangi la maji? Limekaa wapi?

Mama Cherehani, Arua

Lipo! La plastiki, lita 2,000, linakinga maji ya mabati. Limekaa karibu na mlango wa nyuma, ukisimama hapo linakuziba usione mlango wa chumba chake. Umejuaje? Kiangazi lilikuwa tupu kabisa, tulinunua maji kwa madumu.

Fundi wa Nyaya, Gulu

Basi mwizi wako ndiye huyo. Ruta nyingi zinatumia masafa mawili ya redio, GHz (gigahezi) 2.4 na GHz 5, na maji yanayanyonya yote mawili. Ndiyo njia ile ile ya maikrowevu: inapasha chakula kwa mawimbi ya karibu GHz 2.4, na maji yaliyomo ndiyo yanayoyameza. Plastiki tupu inapitisha bila taabu. Likijaa, binti yako anakuwa nyuma ya ukuta wa maji wenye unene wa zaidi ya mita moja. Nilishakutana na jambo hili kwenye nyumba ya wageni huku kwetu. Nilibadilisha ruta mbili bure kabla sijaligonga tangi kwa mkono na kusikia kwamba limejaa, na mpaka leo naumia nikikumbuka pesa ya mama mwenye nyumba ile.

Tangi si peke yake, lakini. Ruta yako iko sakafuni, mgongoni mwa televisheni, na televisheni ina bati ndani. Mlango wako wa chuma ukifungwa, mawimbi yanagonga na kurudi. Halafu madirisha: nondo za dirisha zenye nafasi pana bado zinapitisha, kwa sababu wimbi la GHz 2.4 lina urefu wa sentimita 12 hivi. Wavu wa mbu wa waya, wenye vitundu vidogo, kwa wimbi hilo ni sawa na bati. Wavu wa nailoni hauna neno. Tofali la kuchoma linapunguza, halizuii kabisa, ila kila ukuta unachukua chake na GHz 5 ndiyo inayochoka mapema. Kwa hiyo huko uani mwambie aunganishe kwenye ile ya 2.4.

Antena 6 hazitakusaidia kama unavyoahidiwa. Waifai ni mazungumzo, na kompyuta nayo lazima ijibu. Nguvu yake ya kurusha ni ndogo kuliko ya ruta. Ndiyo maana unaweza kuona mistari ya waifai imejaa na bado darasa linakatika: kompyuta inaisikia ruta, ila ruta haiisikii kompyuta.

Fanya hivi leo usiku. Washa hotspoti kwenye simu yako, yaani simu irushe waifai kama ruta, uiweke kwenye GHz 2.4, na binti aunganishe kompyuta akiwa mezani kwake, mlango umefungwa kama anavyosoma. Wewe iweke simu juu ya kabati la chumba cha kwanza, subiri dakika 2 yeye aangalie, kisha chumba kingine, kisha jikoni. Simu ni dhaifu kuliko ruta, lakini mahali inapokwenda vizuri, ruta itakwenda vizuri zaidi. Tafuta sehemu ya juu, usawa wa kichwa au zaidi, ambayo ukinyoosha kamba mpaka kwenye meza yake haipiti kwenye tangi.

Usiivute faiba mwenyewe, ikikunjwa kwa nguvu inavunjika. Angalia ukutani: kama kuna viboksi viwili, kile cha faiba kiache, hamisha ruta tu kwa waya wa mtandao mrefu zaidi. Antena zisimame wima, maana mawimbi yanatoka ubavuni mwake, si kwenye ncha.

Mwalimu wa Koboko

Fundi amemaliza, nyongeza yangu ni kwa wenzangu tusio na faiba. Ruta ya laini ya simu ina kazi mbili, kusikia mnara wa nje na kusikiwa ndani. Kwangu katikati ya nyumba mnara ulikuwa haufiki, mabati na kuta. Nimeiweka kwenye dirisha linaloelekea mnara, juu ya pazia, na chumba cha mbali kinapata kidogo lakini kinapata. Ingekuwa yangu ni faiba ningeiweka katikati.

Na radi zikianza, chomoeni. Mimi iliniunguzia moja mwaka juzi.

Mama Cherehani, Arua

Nimerudi. Viboksi ni viwili, alhamdulillah. Tulijaribu sehemu 5 kwa simu. Jikoni ilishindwa, nami nilidhani ndiyo ingeshinda kwa kuwa ni karibu. Dirisha la pale lina wavu wa waya. Iliyoshinda ni chumba cha wanangu wadogo, pembe ya kushoto, dirisha lina nondo tu na pazia. Nimenunua waya wa mita 20 nikaupitisha juu ya milango kwa misumari midogo, na ruta iko kwenye rafu niliyokuwa nawekea vitambaa.

Leo asubuhi tangi limejaa mpaka linamwagika. Binti amesoma kwa muda wa saa 2 mlango umefungwa, na nimemsikia akimjibu mwalimu wake kwa sauti.

Jioni mvua ikinyesha na radi nitachomoa, Mwalimu. Fundi, swali moja: kile kiboksi cha faiba nacho nikichomoe, au ruta peke yake?

Fundi wa Nyaya, Gulu

Vyote viwili, Mama, kwenye soketi ya umeme. Uzi wa faiba wenyewe usiuguse.