Naomba ushauri: unyevu unapanda ukutani kila msimu wa mvua

Ndugu zangu, naishi Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, mji ulio kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, ambako baridi na ukungu wa asubuhi ni mambo ya kawaida. Nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma, imeezekwa kwa mabati na imejengwa chini ya mteremko. Tangu mvua za Septemba zianze, ukuta wa nyuma umelowa kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti. Plasta imevimba, na nikiigusa inapukutika kama unga, ikiniachia chumvichumvi nyeupe vidoleni. Nyuma ya kabati la nguo kumeota kuvu jeusi, na kinachoniumiza zaidi ni kwamba chumba hicho analala mama yangu, ambaye ana pumu.

Mwaka jana fundi alipiga plasta mpya ya saruji na kupaka rangi ya mafuta, lakini unyevu ukatokea juu zaidi. Naamini alilifunika tatizo tu, kwa kuwa maji yakikosa pa kutokea usoni pa ukuta huzidi kupanda ndani ya matofali. Tulipochimbua kando ya msingi, hatukuona ile nailoni nzito inayotandikwa chini ya ukuta kuzuia unyevu.

Je, nianze kwa kuchimba mtaro wa kokoto upande wa mlimani na kufunga mifereji ya bati, au nikate ukuta kipande kwa kipande ili niingize nailoni hiyo? Na aliyewahi kutumia plasta ya chokaa, ukuta wake ulichukua muda gani kukauka?