Walimu wa kinanda hapa Moshi mnawaumiza watoto wetu, na ada mnachukua!

Wakuu, habari za usiku. Leo sina utani, nimejaa mpaka hapa shingoni.

Binti yangu ana miaka 10, anajifunza piano kwa mwalimu mmoja hapa Moshi mjini. Jina silitaji, mods msihangaike. Juzi nimemwona anashindwa kukamua soksi zake za shule. Kumbana vizuri, anasema mkono unawaka moto kuanzia kwenye kifundo mpaka kwenye kiwiko, umeanza kitambo, ila mwalimu kamwambia ni kawaida, "mikono inazoea". Inazoea nini? Hata saidia fundi anayebeba zege mgongo ukimuuma anapumzika, sembuse mtoto wa darasa la nne!

Nikampigia mwalimu. Jibu: "Mzazi, mtoto wako ni mzuri ila mvivu kidogo, mwambie akaze." Sawa. Somo lililofuata nikaenda kukaa mle ndani mwenyewe.

Niliyoyakuta sasa. Kinanda kiko juu ya ile stendi ya miguu ya mkasi, imepandishwa kimo cha mtu anayepiga kanisani akiwa amesimama. Mtoto kakalishwa kwenye kiti cha plastiki, vile vya kukodi msibani. Viwiko viko chini kabisa ya vitufe, mabega yamepanda mpaka masikioni, vifundo vya mikono vimelala kwenye ukingo wa kinanda kama vya mtu aliyechoka, miguu inaning'inia. Mwalimu haoni kitu, yuko bize na nota. Halafu, ndugu zangu, akachomoa sarafu ya shilingi 200, akaiweka juu ya mgongo wa kiganja cha mtoto. Ikidondoka, unarudia wimbo tangu mwanzo. Mtoto kajikaza mkono mzima, kidole gumba kinatetemeka, pumzi kaibana. Rula ipo pembeni hapo, ya kazi gani sihitaji kuwaeleza.

Hiyo ya sarafu ni mbinu ya Ulaya ya enzi za kale, na huko huko walimu wengi walishaitupa. Sababu haihitaji digrii. Misuli mikubwa inayokunja na kunyoosha vidole haikai kwenye vidole, iko huku kati ya kiwiko na kifundo, inavuta vidole kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo. Ukikilaza kifundo chini halafu ukakigandisha, zile kano zinavutwa kwenye kona, na wimbo mmoja tu una mivuto mamia kwa mamia. Zinavimba. Ndicho alichotuambia mtaalamu wa viungo hospitali, na kaagiza asiguse kinanda kwanza. Mkono unatakiwa utembee: vidole vikienda kushoto, kiwiko kifuate, kifundo kiwe laini. Sarafu inakataza hayo yote kwa mkupuo.

Na kukaa vizuri si elimu ya siri. Kiwiko kiwe usawa wa vitufe au juu yake kidogo, mtoto akae nusu ya mbele ya kiti bila kuegemea, mabega yashuke, nyayo zikanyage kitu kigumu. Ukimpandisha kiti miguu ikabaki hewani, geuza kreti la soda, weka chini ya miguu, basi. Msiniletee habari za umaskini wa vifaa hapa. Stendi ile ina pini ya kushushia! Unavuta, unashusha, unaachia. Bure. Mwalimu anayepokea 80,000 kwa mwezi kashindwa kuvuta pini.

Kuna jingine linaniuma zaidi. Watoto wanapewa nyimbo za kwaya za sauti nne vilevile zilivyoandikwa, mkono wa kushoto ushike besi na tena (zile sauti mbili za wanaume) kwa pamoja. Oktavu moja kwenye piano, yaani toka do hadi do ya juu yake, ni kama sentimita 16 na nusu, na haipungui eti kwa sababu mpigaji ni mtoto. Sehemu nyingine sauti ya tena inapaa ikawa mbali na besi kuliko hapo, hata mwanaume mzima anatanua mkono mpaka mishipa inasimama. Mwalimu mwenye akili anampa mkono wa kulia ile sauti ya tena, au anaifuta. Huyu wetu anasema "tanua". Saa nzima, hakuna kusimama, hakuna kunyoosha mgongo, wakati mtoto wa umri ule dakika 20 akipiga kwa bidii anastahili kuinuka kidogo.

Kuna watakaosema nadekeza mtoto. Someni kuhusu Robert Schumann wa Ujerumani: mwanzoni mwa miaka ya 1830, kijana wa miaka ishirini na kitu, mkono wa kulia ukaharibika, ndoto ya kuwa mpiga piano ikaishia hapo, akabaki kutunga. Au Leon Fleisher, Mmarekani: miaka ya 1960 vidole viwili vya mkono wa kulia vikaanza kujikunja vyenyewe, akaishi miongo akipiga vipande vya mkono wa kushoto peke yake. Hao ni magwiji, si wavivu, na kukaza hakukuwasaidia.

Nimemtoa mwanangu. Ada ya wiki zilizobaki nimeidai, simu haipokelewi. Nasikia kuna wazazi wengine Majengo na Soweto wana watoto palepale, angalieni mikono yao leo hii, muwaulize kama inauma, maana hawasemi wenyewe, wanaogopa kuitwa wavivu.

Natafuta mwalimu mwingine, Moshi au hata Arusha, Jumamosi tunapanda basi tunakuja. Cheti chake sikihitaji sana. Nataka mtu ambaye kabla ya nota ya kwanza anatazama mtoto amekaaje, na akiambiwa "naumia" anasimamisha somo. Mnaomjua njooni PM. Wale wa "sisi tulichapwa rula na kinanda tukakijua", piteni tu, uzi huu si wenu.