Mdogo wangu hatulii kwenye kiti: ni ugonjwa au ni dawa?

DadaMtu:
Wakuu, naomba msaada. Mdogo wangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili, anasikia sauti; wamemwanzishia dawa ya haloperidoli. Sauti zimepungua, namshukuru Mungu. Lakini wiki ya tatu sasa hakai. Akikaa anapandisha mguu huu, anashusha ule, anainuka, anazunguka sebuleni mpaka saa nane usiku. Baba anasema ugonjwa umerudi, tuombe dozi iongezwe. Kliniki wanamuuliza, "Dawa inakusumbua?" Anajibu "hapana", tunarudi nyumbani. Nitapimaje kitu ambacho mwenyewe hakisemi?

Muuguzi_wa_zamu:
Dada, asiongezewe dozi kabla hajapimwa, na msimkatishie dawa wenyewe. Hiyo inafanana sana na akathisia, ambayo huletwa na dawa: mtu anahisi kama anasukumwa kutoka ndani, lazima atembee. Ikidhaniwa ni ugonjwa, dozi inapanda na kuhangaika kunazidi. Nimeliona mara nyingi mno.

Kuna kipimo cha Barnes, cha mwaka 1989, wala hakihitaji mashine. Mpimaji anamtazama akiwa amekaa, kisha amesimama, huku wakipiga soga, angalau dakika mbili kila mkao. Halafu anamuuliza miguu inajisikiaje na inamkera kiasi gani. Alama ya mwisho ni 0 hadi 5. Ombeni afanyiwe. Uzito, kiuno na sukari navyo viandikwe tangu sasa, mpate cha kulinganisha baadaye.

Mwaka_wa_12:
Mimi ndiye mgonjwa. Nami nilikuwa nasema "hapana". Ukiulizwa mambo ya chumbani baba yako amekaa pembeni, utajibu nini? Siku moja nikapewa karatasi nijaze peke yangu kwenye benchi, nikatia tiki mambo ambayo sijawahi kuyatamka. Ilikuwa ile ya LUNSERS, dodoso la madhara ya dawa za akili, maswali 51, na 10 kati ya hayo ni ya mtego, hayahusu dawa kabisa. Mmoja ulininasa, tukacheka na muuguzi. Mwachieni nafasi, ajaze mwenyewe.

DadaMtu:
Nimekaa naye leo, saa ya simu mkononi. Dakika mbili hazikuisha, ameshainuka. Nikamuuliza miguu inasemaje. Akasema, "Inataka kuondoka bila mimi." Baba alikuwa mlangoni, akasikia. Nimepiga simu kliniki, kesho asubuhi anaonwa. Baba kasema atasubiri nje.