Hesabu ya mwani kwa ajili ya kongamano: jasho la familia niliwekeje?

Binti Mwambani
Shikamooni wakubwa, wenzangu hamjambo. Namalizia uzamili, kilimo biashara. Muhtasari wangu umepita na mwezi ujao nawasilisha kwenye kongamano: dakika 12, kisha maswali. Nimeangalia faida ya mwani kwa akina mama wa pwani yetu hii ya Tanga, kuanzia Mwambani kuteremka hadi Kigombe.

Kinachonikosesha usingizi ni slaidi moja tu. Nikiliacha nje jasho la mama na wanawe, faida inapendeza. Nikiliweka kwa bei ya kibarua cha siku, karibu kila kaya inakula hasara. Sasa nisimame mbele ya maprofesa niwaambie wanawake hawa wanapoteza hela kila wakivuna na bado wanarudi baharini? Msimamizi anasema weka zote mbili. Ninayeishi naye chumba kimoja anasema chagua moja, ukiweka mbili watakuchana. Mliokwisha pita huko mnasemaje?

Kapuku wa Takwimu
Mbona rahisi. Faida ghafi ni mapato ukitoa gharama zinazobadilika. Mama hajalipwa, kwa hiyo hakuna gharama. Songa mbele.

Mzee wa Dodoso
Kapuku, hilo ni jibu la mtihani. Kongamanoni atanyanyuka mtu wa safu ya mbele aulize kama wanawake wa Tanga wanafanya kazi bure, na ukumbi mzima utageuka kumtazama binti.

Binti, mimi naona kilichokuponza ni kipimo. Siku ya kibarua ni ya shamba la nchi kavu. Shamba la mwani ratiba yake inapangwa na bahari: bamvua (siku za maji kujaa na kutoka sana) la mwezi mchanga na la mwezi mpevu, maji yakitoka una saa chache za kufunga mbegu, kusafisha kamba na kuvuna, halafu yanarudi kukufukuza. Maji mafu, yasiyotoka sana, yakiingia, shambani hakuendeki. Ukimwandikia mtu siku nzima kwa saa tatu za bamvua, hiyo hasara umeitengeneza kwenye kompyuta.

Usilipangie bei jasho. Chukua hela iliyobaki baada ya kutoa gharama za mfukoni, igawe kwa saa za familia. Tuseme mavuno yameleta shilingi 180,000, gharama 60,000, zimebaki 120,000. Kama walitumia saa 80, kila saa imewalipa 1,500. Hapo hujasema faida wala hasara. Halafu pembeni weka kile ambacho saa hiyohiyo ingeleta kwingine. Kwingine penyewe pawe pa kweli, maana vibarua vya kutosha kijiji kizima sijaviona pwani hiyo.

Bi Mkubwa wa Kigombe
Marahaba mwanangu. Mjukuu ndiye anayeniandikia haya.

Huyo mzee kasema kweli, ila hizo saa za majini ni nusu ya kazi. Mbegu tunafunga taitai, vile vikamba vya kuishikiza kwenye kamba, nyumbani chini ya mwembe, watoto wakitoka shule wanakaa nasi. Ukishavuna kuna kuanika kwenye chanja, na wingu likitanda unaacha ugali jikoni unakimbilia mwani, maana ukilowa mvua mnunuzi anaukataa. Hayo uliyauliza kwenye karatasi zako? Waliokuja kwetu waliuliza ya baharini tu.

Na kwingine unakokutaka wewe ni chaza na kusuka ukili. Ila chaza nao wanataka bamvua hilohilo, hapo lazima uchague. Ukili unasuka hata usiku, huo usiuweke.

Tena kuna kamba. Wengine kamba na taitai wamepewa na mnunuzi, wengine wamenunua wenyewe. Aliyepewa kilo yake inanunuliwa kwa bei ya chini. Usije ukaandika kamba ni sifuri.

Kapuku wa Takwimu
Hapo kwenye kamba nimenyoosha mikono. Binti, tenganisha makundi mawili, la sivyo wastani wako hauna maana.

Binti Mwambani
Asanteni sana. Saa za kufunga mbegu na kuanika ninazo kwenye dodoso, nilikuwa nimezificha kiambatisho cha tatu. Kamba nazo nilirekodi ni za nani. Slaidi mbili za nadharia natoa, nafasi yake iende kwa makundi ya kamba.

Ila mzee, saa za watoto nizichanganye na za mama?

Mzee wa Dodoso
Hapana, safu yake peke yake. Za watoto usizipunguze kwa kukisia kwamba mtoto ni nusu mtu, utaulizwa nusu hiyo umeitoa wapi. Na mwani wenyewe ni upi?

Binti Mwambani
Spinosamu karibu wote. Kotonii ina bei nzuri lakini maji yakipata joto inakufa, wengi wameiacha.

Mzee wa Dodoso
Basi liseme hilo sentensi ya kwanza kabisa, kabla projekta haijapata moto. Watu wa bara watadhani mwani ni mmoja.