Naomba ushauri: picha ya Tingatinga iliyolowa mvua

Habari zenu wakuu. Juzi mimi na rafiki yangu tulikwenda kwa wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay, Dar es Salaam. Mvua ilikuwa haikatiki na wateja hakuna, tukatazama kwa nafasi. Fundi mmoja alikuwa anamtia ndege kanga madoa kwa ncha ya brashi, nukta moja moja. Raha tupu. Rafiki yangu akanunua picha ya chui, ya rangi ya mafuta ile inayong'aa, juu ya hadibodi (ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) kama alivyochora Edward Tingatinga mwenyewe, mwanzilishi wa mtindo huu, siyo kitambaa.

Kwenye bajaji maji yakapenya karatasi. Rangi iko salama, ila kona ya chini ya ubao imevimba na ukingo unaanza kuachana. Tumeifuta kwa kitambaa kikavu na kuilaza kivulini karibu na feni, lakini uvimbe haujashuka. Juani tunaogopa isije ikapinda.

Mafundi mbao na wachoraji: hadibodi ikishavimba, ikikandamizwa na kitu kizito inarudi? Na tukipaka vanishi upande wa nyuma sasa hivi, si tutafungia unyevu ndani? Ni zawadi ya mama yake, tungependa sana ipone.