Kidole kwenye triga: ncha au kiungo? Na mazoezi ya hali halisi mnafanyaje?

Kaskazi_Mvita:
Wadau salaam. Niko Mombasa, nina liseni na bastola ya Ceska 75, ile yenye dikoka (kitufe cha kushusha nyundo bila kufyatua) badala ya sefti, naibeba kwa sababu ya biashara maana kuna siku natembea na hela za watu. Renji naenda. Nikipiga taratibu mita saba risasi zinalala pamoja vizuri tu, ukiona karatasi utasema huyu fundi. Ngoja sasa mkufunzi ashike saa aanze kupiga kelele, kila kitu kinaharibika, risasi zinashuka chini kushoto (natumia mkono wa kulia) na ile ya kwanza ndiyo mbaya kabisa, saa zingine hata karatasi haigusi. Jamaa mmoja pale akaniambia kidole nimekiingiza sana, niguse kwa nyama ya ncha tu. Mwingine akasema hapana, ingiza mpaka kwenye kiungo upate nguvu. Nimsikize nani? Halafu hii ya kusimama wima mbele ya karatasi mchana kweupe, hakuna anayekujia, itanisaidia nini siku ya siku? Nyinyi mnajizoezaje?

Nyota_ya_Renji:
Kaka, tatizo ni kwamba hao wawili wanazungumzia triga tofauti, na Ceska yako inazo zote mbili. Ukishusha nyundo kwa dikoka, risasi ya kwanza triga ndiyo inayoivuta nyundo nyuma halafu inaiachia, safari ndefu na nzito. Ikishalia mara moja slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, inaikoki nyundo yenyewe, kuanzia ya pili triga ni fupi na nyepesi. Ndiyo maana ya kwanza yako inapotea. Mwenye Glock hana shida hiyo, kwake kila risasi triga ni ileile, kwa hiyo akikwambia ncha tu anasema ukweli wa bastola yake.

Mimi mkono wangu mdogo, kwa ile ndefu ncha peke yake hainitoshi, naingiza mpaka karibu na mkunjo wa kiungo cha kwanza na nabaki hapohapo kwa zinazofuata, sihamishi kidole katikati ya risasi maana hutapata muda huo. Wewe tafuta mahali pako hivi: bastola tupu, weka sarafu juu ya slaidi karibu na saiti ya mbele, vuta triga yote. Sarafu ikianguka sogeza kidole kidogo ujaribu tena. Pale triga inaporudi nyuma moja kwa moja bila kuusukuma mdomo wa bastola pembeni ndipo kidole chako kinapokaa, hata kama jirani yako anaweka kwingine. Angalia pia kidole kisisugue fremu.

Na renji acha kupiga magazini nzima mfululizo. Piga moja, dikoka, shusha mikono, inua, piga moja. Wengi wanapiga ya kwanza mara moja kwa magazini nzima, halafu wanashangaa kwa nini hawaijui.

Mstaafu_Tanga:
Kidole mnakionea bure. Nimefundisha vijana kulenga shabaha kwa muda mrefu, na anayepiga vizuri taratibu halafu anaharibu akiharakishwa, shida yake kwa kawaida si mahali kidole kilipo, ni mkono mzima unakaza pamoja na kidole. Ubongo unajua mlio unakuja, basi vidole vyote vitano vinabana kama mtu anayekamua chungwa na mdomo unainama kabla risasi haijatoka. Kwa mtu wa mkono wa kulia hiyo ndiyo chini kushoto yako.

Ile chati ya duara iliyokatwa vipandevipande inayobandikwa renji, eti ukipiga hapa kidole kimezidi ukipiga pale kimepungua, ilitungwa kwa ajili ya wapigaji wa shabaha wa mkono mmoja, taratibu. Wewe unashika kwa mikono miwili na haraka, usiifanye msahafu.

Dawa yake: mpe mwenzako akujazie magazini, achanganye risasi halisi na za bandia bila wewe kujua zipi ziko wapi. Ukifika kwenye ya bandia, badala ya mlio unasikia tak, na hapo utauona mdomo wa bastola ukipiga mbizi wenyewe. Hakuna mkufunzi atakayekuonyesha vizuri kuliko hiyo. Halafu fanya hesabu, bastola yenyewe ina uzito wa kilo moja hivi, triga ya kwanza inataka nguvu ya kilo nne, tano. Unavuta kitu kizito kuliko chombo ulichokishika! Bila mkono wa kushoto kubana vizuri na kidole cha kulia kutembea peke yake, haitulii.

Chuma_Chakavu:
Mnapoteza muda jamani. Siku mwizi anakutokea nani atakumbuka kidole kiko wapi, utavuta tu liwalo na liwe

Mstaafu_Tanga:
@Chuma_Chakavu "liwalo na liwe" mbele ya kituo cha matatu, risasi ikimpata mama muuza mahamri, utaenda kumweleza nini hakimu?

Kibo78:
Mzee wa Tanga kasema kweli, na mfano upo. New York, Agosti 2012 pale Empire State Building, polisi wawili walimfyatulia risasi 16 mtu mwenye bastola aliyekuwa ametoka kuua, wakampata, lakini wapita njia tisa nao wakajeruhiwa kwa risasi za polisi na vipande vyake. Watu wakazungumza sana kuhusu triga baada ya hapo, sababu polisi wa jiji lile Glock zao zilikuwa zimewekewa springi nzito ya ratili 12, kama kilo tano na nusu, wakati ya kiwandani ni kama mbili na nusu. Nia ilikuwa polisi asifyatue kwa bahati mbaya. Sasa triga nzito ikavuruga shabaha. Kwa maoni yangu walikuwa wanatibu kwa springi kitu cha kutibiwa kwa mafunzo.

Hapo ndipo naona mada imeruka jambo kubwa: kabla ya kuuliza kidole kikae wapi juu ya triga, kikae wapi wakati HUPIGI? Kinyooke juu kwenye fremu, juu ya kile kizingo cha triga, si ndani yake na si pembezoni mwake. Mtafiti Roger Enoka aliandika habari ya mikono kujibana bila hiari, akataja mambo matatu: kushtuka, kuteleza ukipoteza mizani, na mkono mmoja kubana kwa nguvu mwingine ukaiga. Fikiria unamshika mtoto wako mkono wa kushoto umvute nyuma, bastola iko kulia na kidole kiko ndani. Hiyo ndiyo hali halisi unayoiuliza. Kwenye IPSC, yale mashindano ya kupiga bastola, ukikutwa unatembea au unabadilisha magazini kidole kiko ndani ya kizingo unatolewa mashindanoni siku hiyohiyo, hakuna kuombana radhi.

Nyota_ya_Renji:
+1 Kibo. Na kwa hali halisi mashindano ya IDPA, yale ya kujilinda kwa bastola ya kubeba, yanasaidia sana, unapiga ukiwa nyuma ya kizuizi, bastola inatoka chini ya shati, kuna shabaha za kupiga na zile za "raia" ukizigusa unapewa adhabu. Saa ikilia tu jasho lenyewe linakuja, hasa wakikutazama. Si sawa na kutishiwa maisha lakini ni bora kuliko karatasi tupu. Kama huna mashindano karibu, mwombe mkufunzi ukimbie kidogo kwanza kisha upige pumzi ikiwa juu, na mkono mmoja, kulia na kushoto pia. Na mara nyingine amri iwe usipige. Inua, angalia, kidole kibaki nje, shusha. Hiyo watu hawaifanyi kabisa.

Kaskazi_Mvita:
Asanteni sana, hasa hiyo ya kuchanganya risasi, Jumamosi namwomba mkufunzi. Swali la mwisho, nyumbani naweza kuvuta triga tupu kila jioni? Nimesikia inaharibu bastola.

Mstaafu_Tanga:
Vuta, na Ceska ina faida hapo, hulazimiki kukoki kila mara kama Glock, unavuta tena na tena kwa ile safari ndefu unayoihitaji. Ila Ceska 75 ina kipini kidogo kinachoshikilia pini ya kufyatulia, ukivuta tupu sana bila kitu ndani ya chemba (pale risasi inapokaa) kinaweza kukatika, kwa hiyo tumia risasi za bandia, zile za plastiki au alumini zenye rangi yake, usijitengenezee za maganda ya kweli maana usiku zinafanana na nzima. Magazini toka kwanza, ndipo uvute slaidi, chungulia chemba, ingiza na kidole kidogo uhakikishe. Risasi halisi zikae chumba kingine. Elekeza kwenye ukuta wa mawe, si wa mbao, si wa jirani. Ukimaliza sema kwa sauti nimemaliza na uifungie, usirudi "mara moja tu ya mwisho", hiyo ya mwisho ndiyo inayotoboaga televisheni.